HOMA BAADA YA SHINDANO: MWAMBIE MGANGA MAPEMA

Somo la afya kwa wafanyakazi na jamaa zao



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu, vumbi la shimoni na maji ya kuchemsha. Leo tutasoma juu ya kitu kidogo ambacho kila mtu anakijua: shindano. Shindano safi katika mkono wa mganga linaokoa maisha. Lakini shindano chafu linapeleka mikrobi moja kwa moja ndani ya nyama na ndani ya damu, na mtu mwenye nguvu anaweza kufa kwa siku chache.

Tutasema hasa juu ya watu wanaojidunga dawa za kulevya, kwa sababu hao ndio wanaopata ugonjwa huu mara nyingi zaidi na ndio wanaouficha zaidi. Lakini tafadhali usigeuze ukurasa ukisema, «Mimi sijidungi.» Yule anayechomwa shindano nyumbani na mtu anayezunguka na mfuko wa dawa anaweza kupata ugonjwa ule ule. Mikrobi haziulizi kama ndani ya bomba mlikuwa na dawa ya kulevya ama dawa ya malaria.

1. KWA NINI TUNASOMA HABARI HII HAPA KWETU?

Hapa Mubambiro tunakaa kwenye barabara kubwa. Magari yanatoka Goma, yanapita kwetu, yanafika Sake, na pale njia zinagawanyika: moja inapanda Masisi na Walikale, nyingine inakwenda Kitshanga, nyingine inashuka Minova. Pamoja na magari yanakuja mazoea ya kila namna, mazuri na mabaya. Kwetu wengi wanajua hatari ya kanyanga na ya bangi. Dawa za kujidunga hazijulikani sana kwetu kama zilivyo katika miji ya pwani. Hiyo si sababu ya kulala. Afadhali kujifunza kabla ugonjwa haujabisha mlango.

Tena, watu wetu wanapenda shindano. Mgonjwa akipewa vidonge anaona hakutunzwa vizuri. Akichomwa shindano anarudi nyumbani akifurahi. Kwa hiyo wako watu wasio waganga ambao wanachoma mashindano katika nyumba, kandokando ya soko na kwenye kambi za wachimbaji. Wengine wanatumia bomba moja kwa watu wengi. Huo ndio mlango tunaotaka kuufunga.

2. NGOZI NI UKUTA

Mungu alimpa mtu ngozi kama ukuta wa nyumba. Juu ya ukuta huo mikrobi zinaishi siku zote, hata kwa mtu anayeoga asubuhi na jioni. Moja kati ya hizo inaitwa stafilokoki. Katika watu 3, karibu mmoja anaibeba puani mwake bila kuugua. Nyingine inaitwa streptokoki, na ndugu zake wengi wanaishi kinywani, ndani ya mate. Nyingine tena zinakaa katika udongo, katika mavi ya wanyama na katika maji yasiyochemshwa.

Mikrobi hizi zikibaki nje ya ukuta, hakuna neno. Lakini shindano linatoboa ukuta. Kama ngozi haikusafishwa, kama mikono ni michafu, kama maji ni ya mtoni, kama mtu amelamba shindano kwa ulimi kabla ya kujidunga, mikrobi zinaingia pamoja nalo. Ndani ni joto, kuna maji na kuna chakula. Zinaanza kuzaa.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mikrobi moja inajigawanya kuwa mbili kila nusu saa. Ikiingia saa 2 ya usiku, saa 3 ziko 4, saa 4 ziko 16. Ukihesabu hivyo mpaka saa 12 ya asubuhi, yaani saa 10 tu, utapata zaidi ya milioni 1. Mwili unapigana nazo, na mara nyingi unashinda. Lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini sisi waganga tunasema: «Usingoje mpaka kesho kutwa.»

Kuna jambo lingine. Wako wanaosaga vidonge, wanachanganya na maji na kujidunga. Kidonge kimetengenezwa kwa kumezwa. Ndani yake kuna unga wa kukishikamanisha, na unga huo hauyeyuki vizuri. Ukiingia katika mshipa unaziba mishipa midogo ya mapafu na ya vidole, na nyama iliyokosa damu inakufa. Nyama iliyokufa ni chakula kizuri cha mikrobi.

3. UGONJWA UNAENDELEA NAMNA GANI?

Tuchukue mfano. Tufikiri kijana mwenye nguvu, anayesukuma toroli la mawe. Amejidunga mkononi siku ya Jumamosi pamoja na rafiki zake, kwa bomba moja.

Siku ya Jumatatu mkono unauma. Mahali pa shindano ni pa moto, pagumu na pamevimba. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Basi tumia mgongo wa mkono wako: gusa, linganisha na upande wa pili, sikia joto na ugumu.

Siku ya Jumatano usaha umekusanyika. Hili ni jipu. Kama kijana angekuja dispensari siku hii, mganga angempa dawa ya kufisha maumivu, angelipasua kwa kisu safi, angetoa usaha na kufunga kidonda, na kazi ingekwisha upesi. Lakini anaona haya. Rafiki yake analikata kwa wembe na kulikamua kwa nguvu. Usaha kidogo unatoka nje, na mwingine unasukumwa ndani zaidi.

Siku ya Ijumaa anatetemeka kwa baridi, kiisha anatoka jasho jingi. Anasema, «Ni malaria.» Ananunua vidonge vya malaria sokoni. Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika, maana katika nchi yetu kila homa inaitwa malaria. Kumbe mikrobi zimeingia katika damu na zinatembea mwili mzima.

Jumatatu ya pili anakohoa, kifua kinamchoma, pumzi ni fupi. Mikrobi zimeshika ndani ya moyo wake. Moyo ni kama pompa ya maji ya mgodini: una vilango vinavyofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Damu ya mishipa ya mkono na mguu inafika kwanza upande wa kuume wa moyo. Mikrobi zinajenga viota juu ya vilango vya pale. Vipande vya viota vinakatika na kurushwa katika mapafu, na ndiyo sababu anakohoa na pengine anatema damu. Vikijengeka upande wa kushoto, vipande vinaweza kurushwa mpaka kwenye ubongo, na mtu anapooza upande mmoja.

Ugonjwa huu wa moyo hauponi kwa vidonge 5 vya sokoni. Unataka hospitali, na antibiotiki za kuingizwa mshipani, mara nyingi kwa wiki 4 mpaka 6. Wengine wanapasuliwa moyo, na kazi hiyo ni ngumu kupatikana katika jimbo letu. Wengi wasiotunzwa wanakufa. Ona tofauti: Jumatano ilikuwa kazi ya dispensari, baada ya siku 5 imekuwa vita ya kuokoa roho.

4. NJIA NYINGINE ZA UGONJWA HUU

Mikrobi zilizoingia katika damu zinaweza kukaa mahali pengine tena.

Katika mifupa ya mgongo: mgonjwa ana homa na maumivu ya mgongo yasiyolala usiku. Mchimbaji anaweza kudhani ni uchovu wa kubeba mizigo. Lakini uchovu hauleti homa. Kama miguu inaanza kulegea ama mkojo unakataa kutoka, usaha unabana uti wa mgongo. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Katika kiungo: goti ama nyonga inavimba na mtu hawezi kuikunja.

Chini ya ngozi: kuna mikrobi zinazoua nyama upesi sana. Alama yake ni maumivu makali kuliko yanayoonekana kwa macho. Ngozi inaweza kuonekana karibu nzuri, lakini mtu analia. Kiisha inageuka rangi, inatoa malengelenge, pengine ukigusa unasikia mlio kama wa mchanga mkavu. Hapa saa zinahesabiwa. Mpasuaji lazima atoe nyama iliyokufa, la sivyo mguu ama uhai unapotea.

Katika kinena: wengine wakikosa mishipa ya mkono wanajidunga kwenye mapaja, juu kabisa. Pale mshipa mkubwa wa damu unakaa karibu sana na mshipa wa neva na mshipa unaopiga. Uvimbe wa kinena unaopigapiga kama moyo usikatwe na mtu yeyote nje ya hospitali. Huenda si jipu. Huenda ni mshipa mkubwa uliopasuka, na akiukata mgonjwa atamaliza damu mbele yako.

Pepopunda: mikrobi yake inakaa katika udongo na mavi ya wanyama. Taya zinakazana, mtu hawezi kufungua kinywa, mgongo unapinda. Inazuiwa kwa chanjo. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa kamwe anapata ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6 ama zaidi, na baadaye za kuongeza. Hapa tunatembea juu ya mawe makali ya volkano na tunafanya kazi na vyuma. Kila mfanyakazi anahitaji chanjo hiyo, hata kama hajawahi kugusa dawa ya kulevya.

5. TUJIFUNZE KWA WENZETU

Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 heroini ilifika katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwanzoni watu waliivuta kwa moshi. Mwisho wa miaka ya 1990 ulifika unga mweupe unaoyeyuka kwa urahisi katika maji, na vijana wakaanza kujidunga. Mwaka 2005 wachunguzi walitoa habari ya desturi ya kusikitisha katika jiji hilo. Mtu aliyejidunga alivuta damu yake katika bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa, ili naye ajidunge damu hiyo, akiamini kwamba dawa imebaki ndani yake na itamwondolea maumivu ya kukosa dawa, yale wanayoita «arosto». Walioanza ni wanawake maskini waliosaidiana. Nia ilikuwa ya huruma. Lakini pamoja na damu, yule rafiki alipewa yote yaliyokuwa ndani yake: virusi vya sida, ugonjwa wa ini, na mikrobi kama zilikuwamo.

Tanzania haikukaa ikitazama. Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki inayotoa methadoni. Hii ni dawa ya kunywa, mgonjwa anainywa kila siku mbele ya muuguzi, na inamtuliza asitafute heroini. Asiyejidunga hatoboi ukuta wa ngozi, na mikrobi zinakosa mlango. Kenya ilianza kutoa dawa hiyo Desemba 2014, Zanzibar mwaka 2015, na Uganda mwaka 2020. Tunaandika haya ili ujue kwamba mtu aliyefungwa na dawa ya kulevya ni mgonjwa anayeweza kutunzwa. Matusi na fimbo havimponyi.

Scotland. Wafugaji wa Masisi wanaujua ugonjwa wa kimeta, unaoua ng'ombe ghafula. Desemba 2009 waganga wa Scotland walishangaa kukuta kimeta katika watu wa mjini ambao hawakugusa ng'ombe. Wote walikuwa wametumia heroini. Mbegu za kimeta zilikuwa zimeingia katika unga. Mpaka mwisho wa mwaka 2010 walihesabiwa wagonjwa 119, na 14 walikufa. Mbegu za kimeta ni ngumu sana. Kupasha unga moto ndani ya kijiko hakuziui. Hapo tunajifunza kwamba hata mwenye bomba jipya na mikono safi hawezi kujua kilichomo ndani ya unga. Unga wa magendo haukutoka katika kiwanda cha dawa, na hakuna aliyeupima.

Yambuku. Mfano huu ni wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1976 Ebola ilizuka huko Yambuku, kaskazini. Ebola ni virusi, si mikrobi ya usaha, lakini mlango ulikuwa ule ule. Katika hospitali ya pale waliwekwa mashindano 5 tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote, na kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa tu. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Kati ya wale ambao shindano peke yake lilikuwa njia yao ya kuambukizwa, hakupona hata mmoja. Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tulioiona Ebola miaka ya 2018 mpaka 2020 tunaelewa uzito wa habari hii. Kusuuza si kusafisha. Shindano moja, mtu mmoja, mara moja, kiisha linatupwa.

6. DALILI ZA HATARI

Mtu aliyechomwa shindano, na mtu yeyote, katika nyumba ama kwa kujidunga, aje kwa mganga siku hiyo hiyo akiona moja ya haya:

– homa ama kutetemeka kwa baridi;
– uvimbe wa moto unaokua kila siku;
– maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana;
– pumzi fupi, maumivu ya kifua, kukohoa damu;
– maumivu ya mgongo pamoja na homa, ama miguu kulegea;
– taya kukazana, kope kuanguka, shida ya kumeza;
– kuchanganyikiwa, mikono na miguu ya baridi, mkojo kidogo sana.

Dalili za mstari wa mwisho zinaonyesha kwamba damu imejaa sumu na mwili unashindwa. Usingoje gari la kesho. Tafuteni pikipiki, tafuteni machela, pelekeni mgonjwa hospitali kubwa iliyo karibu, iwe Goma, Masisi ama Walikale.

Na neno moja la lazima: ukifika, mwambie mganga habari ya shindano. Hilo ndilo tunalotaka msomaji akumbuke kuliko yote. Kipimo cha malaria kinaweza kuonyesha malaria kweli, kwa sababu huku kwetu wengi wanayo, na bado jipu ama ugonjwa wa moyo upo chini yake. Mganga asiyeambiwa atatunza malaria peke yake. Mganga aliyeambiwa atasikiliza moyo, atatazama ngozi, ataomba damu ipimwe, na ataanza antibiotiki kwa wakati.

Siri ya mgonjwa ni sheria ya kazi yetu. Mganga hana ruhusa ya kwenda kwa kapita ama kwa majirani kusema yale aliyosikia kwa mgonjwa. Tunauliza ili tutunze, si ili tushitaki.

7. USIFANYE HIVI

Usikamue jipu, usilikate kwa wembe.

Usipake mavi ya ng'ombe, unga wa betri ama majani yaliyotafunwa. Mate yanaongeza mikrobi, na mavi yanaleta pepopunda.

Usinunue antibiotiki 2 ama 3 sokoni. Na ukipewa dawa na mganga, usiache katikati kwa sababu umesikia nafuu. Mwaka 1941, huko Oxford katika Uingereza, polisi mmoja, Albert Alexander, alikuwa mmoja kati ya wagonjwa wa kwanza kutunzwa kwa penisilini. Mikrobi za stafilokoki na streptokoki zilikuwa zimemla uso. Baada ya siku chache za dawa homa ilishuka, akaanza kula. Lakini penisilini ya dunia nzima ilikuwa kidogo mno. Waganga walikusanya hata mkojo wake ili waitoe humo tena. Dawa ikaisha, ugonjwa ukarudi, akafa mwezi wa Machi. Yeye alikosa dawa kwa sababu haikuwako. Wewe usiikose kwa sababu umeificha chini ya godoro.

Usikubali kuchomwa kwinini matakoni na mtu wa mfuko. Imekwisha kuonekana mara nyingi kwamba shindano la kwinini linaua nyama na kuleta jipu, na likipiga mshipa mkubwa wa neva mtoto anabaki kiwete. Kwa malaria kali leo waganga wanatumia artesunati, na malaria isiyo kali inaponywa kwa vidonge. Mama, mwanao anayeweza kumeza na asiyetapika mara nyingi hana haja ya shindano.

8. KWA YULE AMBAYE BADO ANAJIDUNGA

Shauri letu la kwanza ni kuacha. Shimoni mtu mwenye dawa ya kulevya kichwani ni hatari kwake na kwa ekipi yake yote. Lakini tunajua kwamba kuacha si kama kuvua koti. Wakati unatafuta msaada, jilinde usife:

– Ukiweza kuimeza ama kuivuta badala ya kujidunga, hatari ya usaha inapungua. Hatari ya kulewa na kufa inabaki.
– Usitumie bomba la mwenzako, wala kijiko chake, wala maji yake, wala pamba yake.
– Osha mikono na ngozi kwa sabuni. Tumia maji yaliyochemshwa.
– Usilambe shindano, usilipulize kwa kinywa.
– Usirudie mahali panapouma ama palipovimba. Usitumie kinena wala shingo.
– Usiwe peke yako. Mwenzako akilala asiamke na pumzi ikawa chache, mlaze ubavu, ita watu, mpeleke kwa mganga. Msikimbie mkamwacha.
– Njoo upate chanjo ya pepopunda, na upimwe sida na ugonjwa wa ini.
– Bomba lililotumika lisitupwe njiani ambapo watoto wanacheza. Litie ndani ya kopo gumu lenye kifuniko, lilete dispensari.

Kuna watu watakaosema, «Mganga anafundisha watu kujidunga.» Hapana. Tunapompa mchimbaji kofia hatumfundishi kuangusha mawe. Aliyekufa hawezi kuacha dawa ya kulevya. Aliye hai anaweza kuacha kesho.

9. KWA JAMAA NA KWA MAKAPITA

Mama, ukimwona mwanao anavaa mikono mirefu hata wakati wa jua, anaficha mguu, ana homa zinazokuja na kwenda, usianze kwa kelele. Anza kwa kumwambia, «Mwanangu, onyesha mahali panapouma, twende pamoja.» Maulizo mengine yatafuata kidonda kikiwa kimefungwa. Kijana anayefukuzwa nyumbani atakwenda kulala na wale wale aliojidunga nao.

Baba, usimpige mgonjwa mwenye homa ukitafuta ukweli. Ukweli utapatikana akipona.

Kapita, ukimwona mtu wako ametetemeka kazini, mtoe shimoni umpeleke kwa mganga, hata kama unadhani amejitafutia. Jiwe likimwangukia mtu aliyesahau kofia, tunamchimbua kwanza. Na huyu tumchimbue kwanza.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Someni pamoja nyumbani, mmoja aulize, wengine wajibu.

1. Mikrobi za usaha zinakaa wapi kabla ya kuingia mwilini?
Juu ya ngozi, puani, kinywani, katika udongo, katika mavi ya wanyama na katika maji yasiyochemshwa.

2. Kwa nini jipu lisikamuliwe nyumbani?
Kwa sababu usaha unasukumwa ndani, na mikrobi zinaweza kuingia katika damu. Tena, uvimbe wa kinena unaweza kuwa mshipa wa damu.

3. Mtu anatetemeka, kipimo kinasema malaria, naye alijidunga wiki iliyopita. Aseme nini?
Amwambie mganga habari ya shindano, aombe atazamwe moyo, ngozi na mgongo.

4. Homa imeshuka baada ya siku 3 za antibiotiki. Aache?
Hapana. Amalize kama mganga alivyoandika.

5. Shindano moja ni la watu wangapi?
La mtu mmoja, mara moja.

Ukurasa huu ukishausoma, usiufungie mandazi. Mpe jirani, ama ubandike nyuma ya mlango. Na kama wakati huu unaposoma kuna mahali pa moto na pagumu chini ya nguo zako, dispensari iko wazi. Njoo leo.

Mganga msaidizi wa kompani, Mubambiro